Farasi Hafuati Mfuo wa Plau

Buyangu,
S.L.P. 64,
Kakamega.
12 Juni 2025.

Mpendwa Senge Mildred,

Mulembe muno, shangazi yangu. Hujambo wewe na presha yako? Macho nayo yanasemaje baada ya upasuaji? Najua ni Ashley anayekusomea barua hii hapo Kisauni. Ashley mwanangu, salamu nyingi, na usiruke mahali ninapomsema nyanya yako. Soma yote, tena kwa sauti.

Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha kila alasiri, mahindi yamefika kifuani, na Baba Sammy amepona kikohozi ila hajapona maneno mengi.

Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu nililia, na sipendi ubaki na kilio hicho. Unakumbuka daktari aliniambia miaka ya kuwatembeza wageni msituni imeyala magoti yangu, nisitembee tena mwendo mrefu. Wakati huohuo meneja wetu wa kambi ya wageni, Elvis Osundwa, alikuwa ameleta farasi kutoka upande wa Eldoret, wa kuwazungusha wageni kwenye njia za pembezoni mwa msitu. Akaniambia waziwazi kwamba nikijua kupanda kabla ya wageni wa Juni nitabaki na kazi yangu ya kuwaongoza, nisipojua atatafuta mwingine. Wewe unajua kazi hiyo ni nini kwangu. Nikikaa nyumbani siku mbili bila kusikia mbega, naanza kugombana na sufuria.

Nilipewa jike aitwaye Wimbi, kwa sababu rangi yake ni ya wimbi iliyoiva. Mwalimu wetu ni Chebet, mwanamke mwembamba aliyekulia kwenye shamba la farasi. Wanafunzi tulikuwa watatu, sote watu wazima, na mimi mwenye miaka hamsini na miwili ndiye bibi yao. Baba Sammy aliposikia alisema mzoea punda hapandi farasi. Nikamjibu kwamba hata punda sijawahi kumpanda, kwa hiyo methali hiyo haikunihusu.

Sasa, Senge, nakushtaki. Kosa la kwanza ni lako. Ni wewe uliyenifundisha kulima na ng'ombe kule Mautuma, ukaniambia maksai wa plau huongozwa kutoka nyuma, kwa mluzi na kofi la matakoni. Basi siku ya kwanza nikamwendea Wimbi kutoka nyuma, nikapiga mluzi, nikamchapa kofi. Alirusha teke lililopita karibu na kiuno changu, kisha akakimbilia kwenye sukuma za mpishi. Chebet hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Sammy, huyu haoni mtu wa nyuma. Mwendee begani, umwongeleshe, ajue ni wewe."

Kosa la pili nalo ni lako, na hilo ndilo lililoniangusha. "Macho kwenye mfuo, Pascalia!" Si ndivyo ulivyokuwa ukinipigia kelele tangu asubuhi mpaka ng'ombe wafunguliwe? Basi nikiwa juu ya tandiko, macho yalishuka yenyewe hadi chini ya kwato. Kumbe ukitazama chini, kichwa kinavuta mabega, mabega yanavuta kiuno, na farasi anahisi uzito wako umelala mbele, hajui unamtuma wapi. Wimbi alizunguka, akazunguka, akasimama ghafla, nami nikaendelea na safari. Niliangukia rundo la nyasi za ng'ombe. Kofia ngumu iliokoa kichwa, lakini heshima yangu haikuwa imevaa kofia.

Mbele ya watu nilicheka. Nyumbani niliogopa, Senge, niliogopa kweli. Wiki nzima sikurudi, nikisingizia mgongo, na Elvis akaanza kuulizia huko Lumakanda kama kuna mtu anayejua farasi. Ni Baba Sammy, huyohuyo wa methali, aliyeniamsha Jumatatu na kikombe cha chai mkononi. "Enda tu," akasema. "Mimi siwezi kukaa na wewe hapa mpaka jioni." Kwake hayo ni mapenzi.

Chebet alinianzisha upya, tena nikiwa chini. Nilimpiga Wimbi brashi, nikamtembeza kwa kamba, nikajifunza kusimama naye akasimama. Nilijifunza pia kuvuta pumzi mpaka tumboni, maana ukibana pumzi, farasi naye anadhani umeona chui. Asubuhi moja Chebet akaniuliza, "Ukiwa na wageni huko msituni, unaangalianga wapi?" Nikamwambia juu, kwenye miti, kwani ndege wanakaa wapi? Akasema, "Basi panda, unitembeze. Mimi ni mgeni leo."

Nikapanda. Nikaanza kumwonyesha mbega kwenye mkuyu, nikamwambia ni ndege gani anayelia na kwa nini analia asubuhi, nikasahau kabisa kwamba nina miguu. Nilipokumbuka niko juu ya farasi, tulikuwa tumefika mwisho wa uwanja, tumegeuka na kurudi, na Wimbi alikuwa amekwenda kila nilikotazama. Senge, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, maana siku ile viatu vilinibana.

Mtihani ulikuwa juzi Jumanne. Wageni walikuwa wanne na Elvis alikuja nyuma yao, uso umekazwa. Karibu na kijito, hondohondo wawili wakaruka juu ya vichwa vyetu, na unajua mbawa zao zinavyonguruma. Wimbi alishtuka, akaruka kando. Mikono yangu ilitaka kuvuta hatamu zote mbili kwa nguvu, na hapo ndipo farasi huzidi kukimbia. Nikatoa pumzi. Nikavuta hatamu ya kushoto peke yake, taratibu, akazunguka duara dogo huku mimi nikitazama njia tunayotaka kwenda. Akasimama, akapuliza pua. Nikawageukia wageni nikawaambia hao ni hondohondo, mume na mke, na huenda kiota chao hakiko mbali. Wakatoa kamera.

Tuliporudi nilishuka, nikasubiri hukumu. Elvis alimfunga farasi wake, akatazama saa, akasema, "Mama Sammy, kesho ni saa moja kamili. Na usichelewe kama kawaida yako." Miaka yote nimelichukia karipio hilo. Safari hii nilificha uso kwenye shingo ya Wimbi nikalia, kwa sababu mtu hamkaripii anayeondoka.

Nisalimie sana binamu Cornelius na mkewe Abigail, na jirani yako anayekuletea samaki. Baba Sammy, Sammy na Beverly wanakusalimu. Nyasaye akulinde, akuongezee siku, na macho hayo yapone vizuri ujisomee mwenyewe.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata ninapokushtaki,

Pascalia