CD ya Chai Iliyoungua

Ugonile, mjukuu wangu Neema?

Huku Ikuti tumeamka salama. Mama yako ameacha kukohoa, na ndizi zimezaa. Barua yako imenifurahisha mpaka nimeenda kumsomea jirani! Ati kazini wamekupa video mia za kufundishia wafanyakazi, uchague wewe? Unaniuliza uanzie wapi. Hilo nalijua!

Kiwanda chetu cha chai kilipouzwa, mwekezaji alileta mtambo mpya wa kukaushia, mwalimu mmoja, kompyuta moja na boksi zima la CD za mafunzo. Siku tatu tulitazama huku tunasinzia. Tukaunguza chai. Meneja akasema, "Ikiungua tena kesho, wote nyumbani." Babu yako alikuwa ameshafariki, na mama yako alikuwa bado mtoto.

Nikachota ile chai iliyoungua, nikaimwaga mezani kwa mwalimu.

"Mwalimu, CD ipi inaonyesha hii?"

"Wee mama, unachafua meza!"

"Nitapangusa. Wewe tafuta."

Akatafuta. Kipande chenyewe kifupi, hata chai ya kikombe haipoi! Kumbe majani tulikuwa tunayapitisha taratibu mno. Tukakitazama mara nne, hakuna aliyesinzia. Asubuhi tukawasha mtambo. Chai ikatoka nyeusi, inanukia! Tulipiga vigelegele mpaka meneja akacheka. Hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Basi video ziache kwanza. Waulize wenzako jana waliharibu nini, ndipo uchague. Nenda kesho asubuhi, Neema! Ndaga fijo kwa kuniuliza mimi.

Ni mimi bibi yako.