Mfuko wa Kulia

Nakuru,
14 Septemba, 1958

Mama yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe, na zimfikie Naliaka anayekusomea. Naliaka, dada yangu, soma polepole, usiruke mahali hata ukiona pagumu, na usianze kulia kabla mama hajasikia mwisho. Mama, mguu wako unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi huku sijambo kabisa. Kikohozi cha Julai kimekwisha, na vumbi la Nakuru tumeshazoeana nalo. Chakula cha shule kinashibisha, ingawa maharagwe yana wadudu wao.

Kaptula uliyonishonea nimeipokea kwa mkono wa Truphosa, mke wa Odero wa reli. Inanikaa vizuri sana. Tena umefuata amri ya shule bila kosa: mifuko yote umeishona ikafungika, ili tusisimame mbele ya walimu mikono mfukoni kama matajiri. Ahsante sana, mama.

Truphosa alinifikishia na ujumbe wako. Alisema umesikia kwamba katika shule hii ya ufundi nimechagua kusomea stima, na tangu usikie hulali. Nisimalize muhula, nirudi nikawe karani wa misheni, maana Padri ameniwekea nafasi. Alisema umeapa hutazika mtoto mwingine kwa ajili ya taa za watu. Maneno hayo yaliniingia, mama. Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Kwanza nikueleze kazi yetu. Sisi wa stima hatukai na vitabu tu. Mwezi huu tunatia nyaya katika ukumbi mpya wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako mpaka leo watu wanakula kwa mwanga wa koroboi. Upande mmoja umeshaanza kuwaka. Mzee mmoja huja kila jioni kutuuliza kama taa za upande wa pili zitawaka kweli au tunamchezea.

Mwalimu wetu wa karakana anaitwa Mathenge, mtu mkali, hacheki ovyo. Ana sheria moja anayoishika kuliko Amri Kumi. Anayepanda ngazi ndiye anayeng'oa fyuzi, kile kipande kinachopitisha stima kwenda kwenye nyaya, na anaitia mfukoni mwake mwenyewe. Haiachi mezani, wala hampi rafiki amshikie. Fyuzi ikiwa mfukoni mwako, hakuna wa kuwasha stima ukiwa juu. Kwa sababu hiyo alimwomba mkuu wa shule, akakubali sisi wa stima tufumue mfuko mmoja, wa kulia.

Basi Jumanne nikavaa kaptula yako mpya. Kuufumua mfuko nilishindwa. Nilijiambia, mama ameishona juzi juzi, na macho yake yenyewe hayaoni vizuri. Nikang'oa fyuzi, nikaiweka dirishani, nikapanda. Loo! Mathenge aliponiona alinguruma mpaka wanawake waliokuwa bombani wakaacha mitungi yao. Alinishusha, akaniuliza mbele ya wenzangu kama hiki nilichobeba mabegani ni kichwa au ni boga. Nami hasira zikanipanda, unanijua. Nikamwambia asinifundishe hatari ya stima, kwa maana ndugu yangu Protasi alikufa juu ya ngazi hapa hapa Nakuru, katika nyumba ya Mzungu mmoja upande wa Menengai, kwa uzembe wake mwenyewe. Mathenge aliketi juu ya sanduku la vyombo, kisha akatuambia twende tukale, na saa ya kula ilikuwa bado.

Leo nilipotoka misa nilimkuta nje ananingoja, naye si mtu wa kanisa letu. Aliniomba tutembee kidogo, tukafuata njia ya kwenda ziwani.

Naliaka, ni hapa ndipo nilipokuambia usiruke.

Mama, Protasi hakuzembea. Alifanya kazi pamoja na Mathenge, kwa mkandarasi mmoja. Siku ile aling'oa fyuzi vizuri, akaiweka juu ya sanduku la swichi, kama walivyofanya mafundi wote wa pale. Bwana mwenye nyumba akaanza kupiga kelele kwamba anataka kusikiliza redio yake. Mathenge alikuwa chumba cha pili, akasikia ngazi ikikwaruza sakafu, akadhani Protasi ameshashuka. Akairudisha fyuzi. Ni yeye, mama. Mkandarasi akaamua kusema marehemu alikuwa mzembe, akamwambia Mathenge anyamaze kama hataki kufungwa. Na kwa Mkikuyu, mwaka ule wa hamsini na tano, siku za Hali ya Hatari, kufungwa hakukuwa mzaha. Akanyamaza. Baadaye akaacha kazi ile, akaja kufundisha, na sheria ya mfuko ni yake.

Sitakuficha, nilitaka kumpiga. Mkono ulishainuka. Yeye alivua kofia tu, akasimama akiningoja. Ndipo nikamkumbuka baba, alivyokufa akiona haya kulitaja jina la mwanawe, nikaushusha mkono. Nililia barabarani mchana kweupe, watu wakipita na baiskeli zao.

Mtajeni Protasi sasa, mama. Mtajeni kanisani, mtajeni sokoni.

Mathenge anataka kuja nyumbani Desemba, ayaseme haya mwenyewe mbele yako na mbele ya kaburi. Ataomba pasi ya kusafiri kwa Bwana DC. Ukimfukuza mlangoni, sitakulaumu. Ukimpa kiti, sitakulaumu vile vile.

Lakini ukarani siutaki. Mchana huu huu nimemwandikia Padri ampe mwingine nafasi ile. Usiniite mkaidi. Kama Protasi angefundishwa kama ninavyofundishwa mimi, leo angekuwa hapo anakula ugali wako na kulalamika mboga haina chumvi. Nitamaliza shule hii, nitakuwa fundi, na kila nitakayemfundisha ataujua mfuko wake kabla hajaijua ngazi. Hilo nimeliamua, hata Padri akija mwenyewe hanitoi.

Wasalimie shangazi na wote wa boma. Nibariki, mama, na kama bado una hasira, nibariki hivyo hivyo na hasira yako.

Kesho ni zamu yangu kupanda, tumalize taa za ukumbi. Nimeazima wembe kwa rafiki yangu Nderitu, na mfuko wa kulia nimeshaufumua. Uzi wako ulikuwa mgumu, mama, umenikata kidole.

Mimi mwanao,
Dalmas Masinde