Jino Juu ya Bati

Jumapili, Gitega. Manyunyu tangu alfajiri, na ile baridi ya vilimani inayofika kwenye magoti kabla haijafika chumbani. Leo sikwenda kanisani. Nimerudi kutoka Gasorwe asubuhi hii, nimevua viatu, na sina nguvu ya kuvivaa tena.

Uchovu huu si wa njia. Mtu aliyekwenda Tanzania kwa miguu akiwa kijana, na kurudi akiwa mzee, hawezi kuilaumu barabara ya Muyinga. Ni uchovu wa kusema jambo lilelile, mbele ya watu walewale, na kungoja.

Jana tulianua matanga ya Keza.

Nimeliandika jina lake ili nione kama nitaweza. Nimeweza. Hilo nalo limenisikitisha.

Keza alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa Odetta, binti yangu wa mwisho, aliyeolewa Gasorwe baada ya sisi kurejea. Alikuwa na miaka saba. Jino moja la nyuma lilianza kucheza, likang'oka lenyewe, naye akalirusha juu ya bati kama watoto wote wanavyofanya, ili apewe jipya. Likafuata la pili. Shavu likavimba, jicho likasukumwa juu. Ilipojulikana kuwa ni saratani ya taya, ilikuwa imekwisha kushuka tumboni.

Daktari anayechunguza saratani za watoto hapa Gitega ni mwanamke kijana, anayesema polepole kama mtu aliyebeba maji. Aliniambia saratani hii hukua upesi, lakini ikiwahiwa huisikia dawa upesi vilevile. Anachotaka kujua ni kile kinachotokea katikati: tangu mama aone jino lisilo zamu yake likicheza, hadi mtoto afike hospitali. Nani aliulizwa? Nani alisema tusubiri? Kwa nini wa kilima hiki huwahi na wa kilima kile huchelewa? Ili kuyajua hayo lazima muuguzi apande vilima, Ryansoro, Mutaho, hadi kule Gasorwe, atazame vinywa, azungumze na akina mama, kisha arudi tena. Fedha za utafiti alizokuwa nazo zilitosha kazi ya wodini. Za vilimani hazikuwepo.

Nikamwambia zitatoka kwetu. Kwa jina la Keza.

Kule kwenye makazi ya wakimbizi, Tabora, tulizika watoto wengi na hatukuuliza. Tulisema ni homa, ni ugeni, ni Mungu. Sasa tuko kwetu, Burundi. Nilifikiri kwamba amani ni pamoja na kupata nafasi ya kuuliza mtoto ameuawa na nini.

Lakini niliomba vibaya.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwa wakwe zangu Gasorwe, nikawakusanya jamaa, nikafanya kama tulivyozoea Tanzania: kamati, mwenyekiti, ahadi za michango, soda na maandazi. Mimi ni mtu wa kanisa. Pombe niliiacha hukohuko makazini. Nilieleza vizuri, nadhani. Walinisikiliza kwa adabu, wakanywa soda zao, wakaaga. Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyejibu.

Mama Furaha, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, jirani ya Odetta anayeuza vitenge sokoni, ndiye aliyenicheka waziwazi.

"Muzee, Tanzania ilikuharibu kabisa! Komite! Mi nilizania umekuja kutafuta kura."

Naye Nyandwi, baba wa mkwe wangu na mwenye boma lile, alinisindikiza hadi mwisho wa migomba yake. Sisi wawili, kwa kuwa watoto wetu wameoana, huitana bamwana. Alisema bila hasira:

"Bamwana, ulikuja kwa wakwe na kinywa kikavu. Neno ya kinywa kikavu haiko neno. Mi sikusikia kitu. Hata mbuzi yangu haikusikia."

"Si ulikuwa umekaa mbele yangu?"

"Nilikaa, ndiyo. Soda ilikuwa tamu."

Desturi hii niliijua nikiwa mtoto. Huku jambo zito husemwa mbele ya chungu cha pombe, na aliyeileta ndiye anayepewa masikio. Nimerudi na lugha zangu zote mbili, ila adabu niliyorudi nayo ni ya nchi nyingine.

Nyandwi aliongeza jambo la pili, na hilo ndilo lililoniuma. "Na mama ya mtoto, hajasema. We unabeba jina ya mtoto wake, na yeye hajasema."

Ni kweli. Siku ile ya soda Odetta hakutoka jikoni. Tangu mazishi alikuwa akisema juu ya maharage, juu ya mvua, juu ya magoti yangu. Juu ya Keza, kimya. Nisingeweza kulibeba jina hilo hata kilima kimoja bila idhini yake. Na utafiti ungekosa zaidi ya fedha; ungekosa mama wa kwanza wa kueleza yaliyotokea katikati.

Kwa mtoto mdogo, watu wengi hufupisha matanga. Odetta alikataa kufupisha. Alitaka siku ya mwisho iwe kamili, kama ya mtu mzima. Basi jana nilikwenda na pombe ya ndizi, urwarwa, madumu yaliyojaza chungu kikubwa cha Nyandwi. Sheria ni kwamba aliyeleta huonja kwanza, watu waone hakuna ubaya ndani. Boma zima lilinitazama.

"Kunywa, muzee," Mama Furaha alisema. "Pasta wako iko mbali."

Nilionja. Ilikuwa chachu, na ilikuwa nzuri. Hilo la pili nitalizungumza na Mungu.

Mirija ikaanza kupita mkono kwa mkono. Nikasimama, nikasema maneno yaleyale ya mwezi uliopita, mafupi zaidi. Safari hii niliyaona yakiwaingia. Mzee mmoja alitikisa kichwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kusikia kuwa Keza alifariki kwa saratani, na labda kwake ilikuwa hivyo kweli.

Kisha Nyandwi akasimama kuuliza swali ambalo halikosi siku kama hiyo: marehemu ameacha nini, na nani atakitunza? Akiwa mtu mzima, hapo hutajwa shamba, ng'ombe, watoto. Akiwa mtoto, swali hurukwa.

"Bon," alisema, "huyu alikuwa mutoto, hakuacha kitu..."

"Ameacha, baba."

Odetta alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono ina masizi hadi kwenye viwiko.

"Ameacha jino. Liko pale juu ya bati. Mimi ndiye niliyemwambia alirushe, na nilipiga makofi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mtoto wa miaka saba hung'oka meno ya mbele, na la nyuma likicheza ni la kuuliza. Muuguzi akija, aanze na mimi. Nitamweleza yote. Na akienda kwenye kilima kingine, aseme Keza ndiye aliyemtuma."

Elias, mume wake, aliinua macho kutazama paa. Sote tukatazama paa.

Nyandwi alikaa, akasimama tena. "Kahawa ya ile mistari mbili chini ya njia," alisema. "Tuliipanda mwaka Keza alizaliwa. Iko yake. Kila msimu, iende kwa muganga wa Gitega, ule dokta wa saratani."

"Mpaka lini, bamwana?" niliuliza.

"We unauliza mpaka lini? Mtu akiacha shamba, kuna mpaka lini?"

Baada ya hapo walisema wengi. Mmoja atatoa maharage, mwingine atamlaza muuguzi nyumbani kwake mvua ikimkuta njiani. Mama Furaha alisema muuguzi akae kwenye meza yake siku za soko, kwa kuwa wamama wote wa Gasorwe hupita pale hata wasiponunua. "Lakini asilete soda," akasema, na hata Odetta akacheka. Kicheko kifupi, chenye kutu. Sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilichotaka ni kukaa tu. Mistari miwili ya kahawa haimponyi mtu. Itamlipa muuguzi vilima vichache, na mwaka wa jua kali hata hivyo vichache haitavitosha. Na majibu yote yakipatikana, yatakuwa ya watoto wengine. Hilo nilikuwa nalijua tangu mwanzo. Jana ndipo lilipokaa begani.

Leo asubuhi, kabla sijaondoka, nilimkuta Odetta uani ametazama juu, manyunyu yakimwangukia usoni. Sikumwita. Nilisimama kando yake, nikatazama nami. Kutu, majani ya mkaratusi, jiwe lililowekwa kuzuia upepo. Jino hatukuliona.

"Liko pale," alisema.

"Liko pale, mwanangu."

Kesho nitavaa viatu, nitamwendea daktari, nitamwambia utafiti wake sasa una shamba la kahawa. Najua ataniuliza litadumu kwa muda gani, maana wenye fedha wamemzoesha swali hilo. Nitamwambia mkahawa ukitunzwa huzaa zaidi ya umri niliobakiza.

Lakini hiyo ni kesho. Leo mvua haijakatika, na kwenye kilima fulani ambacho bado hakuna aliyekipanda, kuna mtoto anayetikisa jino kwa ulimi, na nyumba nzima inamcheka kwa upendo.

Ni la mbele, au la nyuma?