Dagaa Wasiomfikia Mtoto

Kanyosha, Bujumbura

Mdogo wangu Mwamini,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na maumivu ya goti yakiwa yamepungua. Je, unalikanda kwa maji ya moto, au umelipuuza kama kawaida yako? Mimi mwili wangu ni mzima, ila moyo hauna raha, na sababu ni mjukuu wetu Salumu.

Ulipoona picha yake ulisema amenona. Picha ile ni ya zamani. Sasa anakaribia mwaka, mashavu yamelegea na nywele zimegeuka nyekundu-nyekundu. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimzungushia mkononi utepe wa kupimia, ukasimama kwenye rangi ya njano. Alisema ukishuka kwenye nyekundu, mtoto atalazwa.

Sasa sikiliza jambo lililonitia shaka. Muuguzi alipomuuliza mkwe wetu Aziza anampa mtoto chakula gani, alijibu bila kusita: maziwa yake mwenyewe, uji wa mahindi na soya, lengalenga, ule mchicha wa huku, mawese kidogo, na dagaa waliosagwa. Akina mama wenzake wakamsifu. Mimi nikajiuliza: Mtoto anayekula vyote hivyo hukondaje?

Tangu siku ile nilianza kumchunguza Aziza, na nilimdhania mabaya. Dagaa aliwanunua kila asubuhi, tena wazuri. Nikasema moyoni, huyu anawauza kwa jirani, au anampelekea mama yake. Nikahamishia mkeka wangu mlangoni mwa jiko, nikijifanya nachambua mchele. Aziza aliniambia, "Mama, unalinda sufuria kama askari." Sikucheka.

Ndipo nikaona. Aliwachemsha dagaa, akawachuja, akakoroga uji wa mtoto kwa yale maji. Dagaa wenyewe aliwakaanga kwa nyanya na vitunguu, akawafunika kwenye sahani. Nikamuuliza sahani ile ni ya nani.

"Ya Papa Salumu."

"Na mtoto?"

"Mutoto anapata supu, Mama. Nguvu yote iko mu maji."

Nikamkumbusha kwamba kwa muuguzi hakusema hivyo. Alichochea moto kwa muda, kisha akasema, "Mi najua, Mama. Siku moja nilimupa samaki, Papa Salumu akaniona. Akasema mutoto akizoea vitamu atakuwa mwizi. Akanikataza. Sasa mi nitafanya nini?"

Sikumwamini papo hapo. Mtu aliyekamatwa hutafuta wa kumtupia lawama. Nikangoja jioni. Mwanangu Idi, huyo Papa Salumu, aliporudi kutoka gereji, akanawa na kufunua sahani yake, nilimpakata Salumu, nikachukua dagaa kutoka kwenye sahani ya baba yake, nikawaponda kwa vidole pamoja na ugali. Mtoto alifungua kinywa kabla mkono wangu haujafika.

Idi aliacha kula. "Mama, unamuharibu uyo mutoto. Kesho ataiba." Ndivyo asemavyo siku hizi kijana niliyemfundisha insha mwenyewe.

Nikamjibu, "Acha aibe. Mwizi walau ana nguvu za kukimbia."

Aziza aligeukia ukutani kuficha kicheko. Idi aliisukuma sahani katikati ya mkeka, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana, na sijui atafanya nini nisipokuwapo.

Ndiyo sababu nakuandikia. Nilikuahidi kurudi Ujiji kabla ya harusi ya binti yako. Usiningoje. Salumu ameanza kula dagaa kila jioni, ila baba yake siku hizi anakula haraka kupita kiasi, nami simwamini. Nitaketi kando ya sahani ile mpaka utepe utoke kwenye njano.

Nisalimie shemeji, mumeo. Bibi harusi niombee radhi kwake, na umweleze sababu yote bila kuficha, kwa kuwa naye atakuwa mama. Kaka yetu mkubwa msalimie pia, na umwambie asimpigie Idi simu ya kumtetea.

Dada yako akupendaye,
Tausi