Mfugaji Mmoja wa Ndera

Jumatatu, 8 Machi 1999
Garsen. Chai, mihogo, kazi. Miaka kumi na miwili nafundisha jinsi watu waliogawanyika wanavyogawana madaraka, na huku ndiko nilikoyaona kwa macho. Kamati ya malka, zile njia za ng'ombe kushuka mtoni katikati ya mashamba. Wakulima sita, wafugaji sita, wote wa eneo la Ndera. Malka haifungwi mpaka pande zote mbili zikubali. Raha tupu! Kesho nawasomea rasimu ya ripoti yangu.

Jumanne, 9 Machi
Mjinga mimi. Nimewasomea habari za mfugaji anayekubali malka moja ifungwe, mashamba yapone. Jina nililificha. Niliandika "mfugaji mmoja wa Ndera anayelima mahindi". Vichwa vyote vikamgeukia Barisa, mmoja wa wale wafugaji sita wa kamati. Ndera nzima, mfugaji mwenye mahindi ni yeye tu! Chuoni hilo ndilo tunaloliita kumficha mtu. Na aliniambia kwa siri, nyumbani kwake, nikinywa maziwa yake.  Alichukua fimbo yake, akatoka.

Jumatano, 10 Machi
Naogopa. Maji mtoni kidogo, ng'ombe wengi, hasira za watu ziko karibu. Mama Hadija, mwenye nyumba yangu, karudi sokoni na habari: wenzake Barisa wanamwita msaliti. Asubuhi wameingiza ng'ombe shambani kwake. Mahindi yote yameliwa. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu," ananiambia. Najua, mama. Najua.

Ijumaa, 12 Machi
 Mlango ukigongwa naruka. Nimewaendea wafugaji wa kamati, nikawaambia habari ile nimeitunga mwenyewe. Hakuna aliyeniamini, mmoja alicheka. Barisa hajaonekana tangu jana. Watu wameumizana kwa dogo kuliko hili. Ee Mungu, wasimguse. Nikiambiwa nichome ripoti nzima nitaichoma, na shahada juu.

Jumamosi, 13 Machi
Bado. Sijala.

Jumapili, 14 Machi
Yu hai. Kaja mwenyewe saa nne asubuhi, mkono umefungwa kitambaa. Sikuthubutu kuuliza. Wamemtoa kwenye kamati. Anahamia Chewele na mke na watoto. Nilimwomba radhi, nikalia mbele yake bila haya. Alinisubiri nimalize.

"Mwalimu, sita wako huku, sita wako huku. Sasa mimi niko wapi?"

Nikammiminia chai. Alimaliza chai, akashukuru, akaenda. Nimeosha kikombe.