Jeneza Lenye Mabawa

Shoga, nimetoka mazikoni sasa hivi, uso sina pa kuuweka.

Mwanangu seremala, si unamjua na ufundi wake? Aliagizwa jeneza la kawaida. Yeye akalichongea mabawa ya malaika, yametanuka huku na huku, kila unyoya kaupiga msasa. Mabawa, shoga.

Tumefika kaburini, jeneza haliingii. Likainamishwa, likageuzwa, wapi. Mchungaji kamaliza sala, kaanza nyingine.

Mchimba kaburi akamuuliza mwanangu, "Fundi, hili tunalizika au tunalirusha?"

"Panueni shimo. Hii ni sanaa."

"Sanaa katundike ukutani kwako. Jeneza kazi yake kuingia."

Mabawa, shoga, mbele ya umati wote ule.

Ndipo mjane akasogea, akamwambia mwanangu taratibu, "Baba, leta msumeno uyakate. Mume wangu namjua, huko juu hana safari."

Watu wakajiinamia, mabega yanatikisika, hujui nani analia nani anacheka.

Mwanangu kayakata mwenyewe, bawa moja baada ya jingine, machozi yanamchuruzika. Shangazi wa marehemu akawa anampigapiga mgongoni, "Pole baba, kumbe mlikuwa mnapendana hivi."