Jina la Baba Kinywani Mwako

Mama yangu kipenzi,

Leo wajukuu zako walikuwa wakibishana namna ya kutamka jina la njia moja ya mjini, nikakukumbuka wewe na ulimi wako. Nilicheka mpaka wakadhani nimepandwa na wazimu.

Unakikumbuka kile kibao cha njia chenye jina la Mzungu, pale kwetu Bofu? Worthington! Loo, kila mtu alikuwa na lake. Mwalimu wa chuoni akisema Wadhingitoni, kwa madaha kana kwamba anasoma aya. Mama Kadzo, jirani yetu Mgiriama aliyeuza mihogo, akisema Wazindo basi, anayetaka aelewe. Wengi hawakujisumbua kabisa. Walisema Kwa Bakari, maana baba ndiye aliyefyeka msitu pale na kuchimba kisima, na hakumnyima mtu maji.

Wewe peke yako uling'ang'ana na jina la kibao. Ukiulizwa sokoni waketi wapi, unaanza "Wasi... Wasingi..." mpaka watu wanashika mbavu.

"Bibi kawa Mzungu huyo!" Mama Kadzo akikutania.

Hukujali. Mke mwenye haya hamtaji mumewe, ulisema, na heri kuchekwa. Ndani ulimwita Baba Mwanasha, nje ukasema "mwenye nyumba". Wallahi, nilikua mpaka nikavunja ungo sijapata kusikia jina la baba kinywani mwako.

Kisha baba akafariki. Ulikuwa ndio kwanza umetoka eda, uhuru u karibu, alipokuja karani wa manispaa, akatukusanya penye kibao. Majina ya Wazungu yanaondolewa, akasema, kila mkaazi aseme njia hii aiitaje. Kumbe yule tajiri aliyenunua viwanja vya upande wa chini alitaka jina lake yeye. Wapangaji wake walimtazama, wakainamisha vichwa. Mama Kadzo akasema Kwa Bakari, waziwazi.

Tajiri akacheka. "Huyo Bakari hata mkewe hamtaji. Muulizeni."

Karani akakugeukia. "Mama, wewe waketi wapi?"

Ulivuta buibui mpaka mdomoni. Nilitaka kukusemea, ukaniminya mkono. Nilikuwa nikisali kimoyomoyo, kwa sababu nilijua ukinyamaza, baba atafutika kama hakuwahi kuishi pale.

"Naketi kwa Bakari," ukasema.

Sauti yako ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. Mpangaji mmoja akainua kichwa, naye akasema Kwa Bakari. Wakafuata wengine, karani akaandika. Mama Kadzo alianza kigelegele, akaona uso wako, akakikatisha.

Njiani watu walikupa hongera, ukapita. Mimi nilikuwa na furaha, nikaona ajabu ulipofika nyumbani ukaketi chini ukumbini na buibui lako vilevile.

"Umri wote sijamwita," ukaniambia. "Leo nimemwita, hata labeka hakuniitikia."

Nikaenda kukuchotea maji. Sasa nami ni mjane, mama. Hutokea nikiwa jikoni nikamwita marehemu wangu kwa jina, taratibu, watoto wasinisikie, kisha nikangoja. Ndipo ninapokuelewa, na roho inaniuma kwamba siku ile sikuketi nawe pale chini.

Mola akulaze pema. Na huko mliko, inshallah, usimwonee haya tena. Mwite. Atakuitikia.

Mwanao wa kwanza,
Mwanasha